Cha Kupanda Chini ya Dirisha

Jumapili, 3 Machi

Ukuta umeisha leo. Mafundi wameosha makarai yao, wakajipangusa saruji miguuni, wakaondoka. Mimi nimebaki nikiutazama kutoka ndani kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Ni ukuta wa jirani tunayemwita Mwenye Ghorofa, ingawa ghorofa yenyewe bado ni nguzo na maneno. Kiwanja ni chake, haki ni yake. Lakini kati ya ukuta huo na chumba chetu cha kulala kumebaki kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mkeka, na dirisha linalotazama huko ndilo dirisha la mume wangu.

Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, mkono na mguu wa kulia vimelala, na ulimi umebakiwa na neno moja tu: baadaye. Mtaani wanamwita Spana, maana alikuwa fundi wa magari, na nadhani gerejini hakuna neno alilolitumia zaidi ya hilo baadaye. Gari litakuwa tayari lini, fundi? Baadaye. Sasa ndilo ndiyo yake na ndilo hapana yake. Unataka chai? Baadaye. Umelowa? Baadaye. Nisipomwelewa analirudia kwa sauti ya juu zaidi, utadhani mimi ndiye niliyepooza, tena masikio.

Kabla ya ukuta alikuwa akiona kipande cha barabara, na watu kuanzia mabegani kwenda juu. Leo nimemgeuza akaelekea dirishani, akayatazama matofali, kisha akafumba macho. Hakuwa na usingizi. Usingizi wake naujua.

Ninaandika haya kwa sababu pasi bado haijapata moto, na hakuna wa kumwambia.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeanika shuka mara mbili, nimezianua mara mbili. Hazikukauka.

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu kapiga simu kutoka huko anakofanya kazi.

"Mama, shangazi anakuja kukusaidia."

"Nani kakwambia nahitaji msaada?"

"Sauti yako, mama."

Shangazi yake ni dada mkubwa wa mume wangu, wifi yangu mimi. Mwanamke ambaye akiingia jikoni, sufuria zenyewe zinajipanga mstari. Siku ya harusi yetu alinishika kiganja, akakigeuza huku na huku, akasema watu wakisikia: "Mikono laini. Haya, tutaona." Mikono hiyo laini imeshona sare za shule za watoto wa mtaa huu hadi waliozivaa nao wameniletea watoto wao niwapime. Na bado "tutaona" ile imo masikioni. Sijawahi kumwomba mtu anitwishe hata ndoo. Sitaanza na yeye.

Jumanne, 12 Machi

Kafika. Mikoba mitatu, na kopo la rangi alilolipakata safari nzima. Ndani ya kopo mna mche wa asumini kutoka uani kwake, unafika gotini, umefungwa kwenye kijiti.

"Wifi. Umekonda."

"Karibu, wifi."

"Nimeshakaribia. Yuko wapi mdogo wangu?"

Alipomwona, mume wangu alilia, jicho moja machozi, lingine kavu. "Baadaye," akamwambia. "Hata sasa hivi," wifi akamjibu, akakaa kitandani na viatu vyake vya safari. Mimi hajanitolea machozi hayo hata mara moja. Lakini mimi nipo kila siku. Nani analilia jiko la nyumbani kwake?

Kisha wifi akageuka dirishani. "Hii jela mmemjengea lini?"

Nikamweleza kuhusu Mwenye Ghorofa.

"Basi vizuri nimekuja na asumini. Inapanda mbio hii. Mvua zikiisha, ukuta wote utakuwa umevaa nguo, na harufu inaingia hadi shukani."

Nikasema pale nitapanda mayungiyungi. Kweli nilikuwa nimeyafikiria, lakini kama mtu anavyofikiria kununua viatu. Mbele yake nikajikuta nimeshaamua kitambo.

Jumatano, 13 Machi

Kapanga upya kabati la jikoni. Nimetafuta kichujio cha chai asubuhi nzima.

Jumamosi, 16 Machi

Binti wa mazoezi, yule anayetumwa na zahanati kuja kumnyoosha mgonjwa viungo, alikubali kubaki naye kidogo. Tukaenda wote wawili kwenye kitalu cha miche. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenye kitalu atamuunga mkono yeye.

Mwenye kitalu ni mwanamume wa makamo, mdomo wake hauna kufuli. "Haya ni mambo mawili tofauti, mama zangu. Yungiyungi ni mgeni mstaarabu. Anakuja na msimu wake, anachanua, anaaga, anajilalia chini ya udongo hadi msimu mwingine. Atakuzika huyo, wala hataki umkumbuke. Asumini sasa! Asumini ni shemeji aliyesema anakuja wiki moja. Ukimpa ukuta anataka na paa. Ila atakuchangamshia nyumba, hilo simnyimi."

"Umesikia?" nikamwambia wifi.

"Nimesikia. Kasema inachangamsha."

Nikamuuliza kila kimoja kinataka nini. Yungiyungi linataka udongo usiotuamisha maji, na jua la nusu siku. Basi. Asumini inataka kamba za kupandia na mkasi mara kwa mara, la sivyo itaziba dirisha na chumba kiwe giza juu ya giza. Na ukutani inashika, ukija kuibandua inatoka na rangi. Nikaona kesi imekwisha. Nikachagua vitunguu sita vya yungiyungi, maana linapandwa mfano wa kitunguu. Wifi alivishika kimoja kimoja kama anakagua mayai.

"Na maua lini?"

"Hivi bado vichanga, mama. Mwaka huu majani. Maua mwakani, tukijaliwa."

"Mwakani," wifi akasema.

Akatazama viatu vyake. Nami nikajua anahesabu nini. Njia nzima nilitembea mbele yake. Ningependa kuandika kwamba nilikasirika kwa sababu alikuwa amekosea.

Jumatano, 20 Machi

Nilikwenda kupeleka sare shuleni. Kurudi nikakuta kipande cha ardhi kimelimwa, kamba tatu zimefungwa kutoka kwenye nondo za dirisha hadi msumari wa ukutani, na asumini imesimama katikati kama bibi harusi. Wifi ananawa miguu bombani.

"Ungeniuliza," nikasema.

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Basi ulijua."

"Nilijua. Mwache aone kitu, wifi. Aone sasa."

"Sasa, sasa! Unamzika mtu hajafa?"

Akafunga bomba. "Na wewe unamwekea mwakani kama vile ana mkataba na Mungu."

Nilichukua jembe, na mvua ilikuwa imeanza tena, nikapanda vitunguu vyangu sita hapohapo, vitatu kulia kwa asumini yake, vitatu kushoto. Yeye alisimama kibarazani akinitazama ninavyotota. Nilipoinua kichwa nikamwona mume wangu nyuma ya nondo, kauelekeza uso kwetu. Sijui aliona wanawake wawili wanaompenda, au wawili waliokosa kazi.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Shuka zimekaukia juu ya cherehani.

Ijumaa, 29 Machi

Nimeshona tangu alfajiri na mgongo umekataa. Nimekaa niandike ukweli mmoja, kisha nirudi kazini.

Wifi anadhani nataka yungiyungi kwa sababu nina matumaini. Amenipa sifa isiyo yangu. Nalitaka kwa sababu halinitaki. Nimechoka kushikwa. Mume wangu ananishika shingo nikimwinua, ananishika kanga nikitaka kutoka, usiku ananishika mkono kwa ule mkono mzima, na una nguvu, jamani, ni mkono wa fundi. Nimwogeshe, nimgeuze, nimlishe, nimfute. Nampenda. Lakini nikiuona ule mmea wa wifi unavyoanza kujisokota kwenye kamba, kila kikonyo kinapapasa hewani kikitafuta pa kushika, nahisi shingo inaniuma. Nataka katika nyumba hii kuwe na kitu kimoja kinachosimama chenyewe.

Wifi hajui. Sitamwambia.

Jumanne, 2 Aprili

Binti wa mazoezi kasema mgonjwa aanze kutolewa nje. "Hata nusu saa, mama. Akae, apigwe na hewa, aone watu." Nikamwonyesha mlango wa mbele: ngazi tatu, tena zimeshika ukoga kwa mvua. Nikamwonyesha na mikono yangu. Atabebwa na nani?

"Majirani hawapo?"

"Wapo. Tutaona baadaye," nikasema. Mgonjwa akanitazama kutoka kitandani, maana nimemwibia neno lake.

Jumamosi, 6 Aprili

Asumini imepita ukingo wa dirisha. Mayungiyungi yametoa majani, mawili mawili, manene, ya kijani cha heshima. Asubuhi wifi anakwenda kutazama mmea wake kwa kisingizio cha kumwaga maji. Akirudi, naenda mimi kwa kisingizio cha kuangalia kama kamba ya nguo imelegea. Tunakutana mlangoni, kila mmoja na kisingizio chake.

Ila leo nilipita chumbani nikamkuta wifi amesinzia akiwa amekaa, mguu uliopooza uko mapajani mwake, mikono bado imeushika pale alipokuwa akiukanda. Kanywea. Kumbe naye ni mzee. Nilimwondolea bakuli la mafuta lisije likamwagika, nikatoka kwa ncha za vidole.

Jumapili, 14 Aprili

Leo nusura.

Ilikuwa baada ya chai ya saa kumi. Mvua ilikuwa imekatika na tulikuwa wote wawili nje, chini ya dirisha, tunagombana. Naona haya kuandika tuligombania nini. Asumini ilikuwa imetupa tawi juu ya majani ya yungiyungi, nami nilikuwa na mkasi mkononi.

"Usikate hapo, ndipo patakapotoa maua!"

"Linayanyima yangu jua."

"Yako yatapata jua mwakani!"

Ndipo tukasikia kishindo. Si kishindo cha kitu. Cha mtu kina sauti yake, na nyuma yake kuna kimya.

Sikumbuki nilivyozunguka nyumba. Nakumbuka kwamba wifi alifika kabla yangu, pamoja na miguu yake inayovimba. Mume wangu alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na mlango, kifudifudi, mkono mzima umenyooka mbele, na damu ikitoka kwenye nyusi. Shuka limemfuata kutoka kitandani kama mkia. Nilidhani amekufa. Nilisimama pale na mkasi wangu nikidhani amekufa, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Lilikuwa uzito kunitoka, kama mtu anapotuliwa mzigo na bado mabega hayajaamini. Kisha akakohoa, nami nikapiga magoti.

"Mshike kichwa," wifi akasema. "Polepole. Mdogo wangu, unanisikia? Unaniona?"

"Baadaye," akasema, na damu ikaingia mdomoni.

Hatukuweza kumwinua. Tulijaribu mara mbili, na mara ya pili sote watatu tukaanguka. Wifi ndiye aliyekwenda dirishani akapaza sauti kuelekea kule juu ya ukuta: "Nyie wenye nyumba! Kuna mtu ameanguka huku!" Mimi nisingeweza. Hata pale, nisingeweza. Mwenye Ghorofa akaja na fulana yake ya ndani, kapiga pasi suruali lakini hana viatu, akaingia bila hodi, akamshika mume wangu kwapani na kwenye mkanda na kumrudisha kitandani kana kwamba kazi yake ndiyo hiyo. Alipoinua macho akaliona dirisha, na ukuta wake nje ya dirisha. Akajipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sikujua kama ndipo anapolala," akasema.

Tulipobaki wenyewe tukaanza kumuuliza. Ulikuwa unataka choo? Baadaye. Maji? Baadaye. Kuna kinachokuuma? Akapiga godoro kwa ngumi ile nzima. Wifi akasema labda alitaka kutuamua, alisikia tunabishana. Akapiga tena. Kisha akanyoosha kidole, si dirishani. Tulikuwa tumesimama tumelikinga dirisha, akatusukuma kwa kidole chake upande. Mlangoni. Si mlango wa chumba tu: aliinua kidole akakivusha juu, kama anayemwelekeza dereva apite, atoke, aende zake.

"Nje," wifi akasema taratibu. "Anataka kutoka nje."

Mume wangu akafumba macho, na sura yake yote, upande mzima na ule mwingine, ikalegea.

Mwezi mzima huu. Tumebishana tumpambie dirisha kwa ua gani, na hakuna aliyemuuliza kama analitaka dirisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Binti wa mazoezi kampima. Hakuna mfupa uliovunjika, nyusi imeshonwa zahanati. Kasema ametambaa mwenyewe hatua zile zote na kwamba hakutegemea angeweza. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jioni nilikuwa nachambua maharage, wifi akavuta kigoda akakaa karibu, akaanza kuchambua upande wake wa sinia.

"Shemeji yako alilala miaka miwili," akasema. Anamaanisha marehemu mume wake. "Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikwenda mazishini. Kumuuguza sikwenda, na yeye hakuita mtu.

"Nilimpandia mayungiyungi. Nikamwambia, subiri, utayaona. Kila asubuhi ananiuliza, bado? Namwambia bado. Yalichanua arobaini yake imepita. Meupe, mazuri. Niliyang'oa yote kwa mikono."

Tukachambua.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambiaje? Ulishakunja uso tangu niko mlangoni."

Ni kweli. Nilishaukunja tangu siku ya harusi yangu. Nikamsogezea sinia.

Alhamisi, 18 Aprili

Wifi kamwendea Mwenye Ghorofa. Kabakiwa na saruji na kokoto, na mwashi wake bado yupo. Watatujengea mteremko wa kiti cha magurudumu juu ya nusu ya zile ngazi tatu. Jirani hakutaka hata kujadili.

Jumapili, 21 Aprili

Mwashi alimaliza jana jioni. Mvua imekuja alfajiri na kuondoka na nusu ya mteremko. Tope la saruji limefika barabarani. Nilikaa juu ya ngazi nikaliangalia na sikuwa na neno hata moja, hata lile la mume wangu.

Jumatano, 24 Aprili

Umejengwa upya. Wifi kaufunika kwa turubai na mawe, na amekaa kibarazani kuulinda kama mtu mwenye bunduki.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo tumemtoa.

Binti wa mazoezi alituletea kiti cha magurudumu kutoka zahanati. Wifi mbele, mimi nyuma, yeye binti pembeni akitoa amri. Mume wangu kavaa shati la mikono mirefu, lile la bluu, kanyolewa. Tulipovuka kizingiti aliushika ubao wa mlango kwa mkono mzima, akagoma kuuachia. Nikadhani ameogopa. Hakuogopa. Alikuwa anaupapasa tu, kama mtu anayepapasa shavu la mnyama wake. Kisha akauachia mwenyewe.

Hakukuwa na jua, mawingu yalikuwa chini kama dari. Tukamweka pale penye barabara. Mwanamke mwenye kapu la mboga akasimama: "Fundi! Kumbe upo!" Akafika kinyozi, akafika mtu aliyedai kwamba Spana ndiye aliyemfundisha kuendesha. Likapita gari dogo la mizigo, linakohoa, moshi mweusi, linaruka kama mbuzi. Mume wangu akageuza kichwa akalifuata kwa macho hadi kwenye kona, na akacheka. Upande mmoja wa mdomo tu, lakini kilikuwa kicheko chake kabisa, kile cha dharau. Mimi na wifi tukatazamana.

Kabla ya kumrudisha tukampitisha kando ya nyumba, kwenye kile kipande cha ardhi. Wifi akasema, "Haya, mdogo wangu, utuamue. Haya majani manene ni ya mkeo, yatatoa maua mwakani. Hii inayopanda ni yangu, imeanza vichipukizi. Kipi kibaki?"

Akatazama mayungiyungi. Akatazama asumini, kuanzia shinani hadi ilipofika, juu ya nondo. Akatutazama sisi.

"Baadaye," akasema, na kwa kidole akatuonyesha barabara. Arudishwe barabarani.

Tulicheka hadi wifi akaomba akae chini. Binti wa mazoezi alituona kama wendawazimu.

Jumapili, 5 Mei

Mayungiyungi yangu yameoza.

Niliyaona majani yamelala, yamekuwa manjano, nikachimba kwa kidole na harufu ikaniambia kabla ya macho. Maji yote ya ukuta wa Mwenye Ghorofa yanashukia pale na hayana pa kwenda. Mwenye kitalu alisema, udongo usiotuamisha maji, nami nilikuwa nasikiliza yale tu yanayonipa ushindi. Asumini haikujali. Inakunywa na kupanda.

Kati ya vitunguu sita, kimoja tu kilikuwa bado kigumu. Nilikiweka kwenye kopo jikoni, nikajifungia bafuni, nikalia kwa sababu ya mboji. Kwa kiharusi sikulia hivyo.

Nilidhani wifi atasema kitu. Alichukua jembe. Alichimba mfereji kutoka ukutani hadi barabarani, na goti lake linalomsumbua, akiwa amejifunga kanga kiunoni na mvua inamnyeshea. Kisha akachukua kile kitunguu kimoja akakipanda mbele ya nyumba, kando ya mteremko, mahali palipoinuka, akakizungushia mawe ili gurudumu lisikikanyage.

"Hapa hapatuami," akasema. "Na akikaa nje atakiona bila kugeuza shingo."

Nilimletea chai. Aliinywa amesimama. Nikamwona mikono: mikavu, imepasuka, tope hadi viwikoni. Nikaweka yangu karibu na yake juu ya ukuta wa kibaraza. Hakuna laini hapo.

Jumanne, 14 Mei

Maua ya kwanza ya asumini. Matano.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua zinapungua. Mume wangu sasa anakaa nje asubuhi na jioni, na chumba mchana kinabaki kitupu. Asumini imevuka nondo mbili, inachanua ikielekea ndani, ndani ambamo hamna mtu.

Leo baada ya kushona niliingia kubadilisha shuka. Nikakaa kitandani kidogo. Nikalala, na viatu vyangu. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, na zile nyota nyeupe zimeshikana kwenye nondo, na nyuma yake ule ukuta umeanza kupotea. Kikonyo kimoja kilikuwa kimefika hadi kwenye chago, kichwani pa kitanda, kimezungusha ncha yake kwenye mbao. Nilikitazama. Nilikuwa nimeapa nitakata kila kitakachoingia ndani. Nikakiacha.

Nililala hadi jua likashuka. Wifi alikuwa amekwisha kumrudisha mgonjwa, kamlisha, kamwogesha, kamketisha kibarazani. Hakuniamsha. Sikumbuki mara ya mwisho kuamka bila kuitwa.

Jumamosi, 1 Juni

Wifi kaondoka leo. Ana nyumba yake na kuku wake na goti lake. Nilimwambia abaki, nikalitamka kwa mdomo wangu: "Wifi, bado nakuhitaji." Ilinitoka kwa shida kama mwiba.

"Najua," akasema. "Lakini hunihitaji mimi. Unahitaji watu, nao wamejaa hapo barabarani. Sauti unayo?"

"Ninayo."

"Basi."

Akaagana na mdogo wake paji kwa paji. Mimi akanishika mikono yote miwili, akaiminya, hakusema kitu juu yake.

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kwanza peke yangu. Jua kali, mbingu imeoshwa.

Asubuhi nilimvalisha, nikamhamishia kwenye kiti, yote mwenyewe, taratibu. Kufika mlangoni nikagundua jambo ambalo mimi na wifi hatukulijua, kwa kuwa tulikuwa wawili: mteremko ni mkali. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshavuka, kiti kikaanza kunivuta. Nilikaza visigino. Nikakishikilia kwa uzito wangu wote, na viatu vyangu vikawa vinateleza kidogo kidogo kwenye saruji. Siwezi kumrudisha, siwezi kumshusha. Mume wangu haoni ninachofanya nyuma yake, lakini alijua. Aliinua mkono mzima, akaurudisha begani, akaushika mkono wangu kwenye mpini. Hakuuvuta. Aliuwekea uzito wa wake tu.

Barabarani watu wanapita. Kinyozi anafungua kibanda. Kule juu ya nguzo Mwenye Ghorofa anaongea na mwashi. Hakuna aliyetazama kwetu. Kwa nini watazame? Mwanamke huyu hajawahi kuwaita.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Kiti kikashuka kidole kimoja. Nikafungua tena.

"Jamani!" nikaita. "Jamani, nisaidieni!"

Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa kinyozi. Aliangusha kufuli. Mwenye Ghorofa alishuka ngazi zake bila kuzitazama, na yule mwanamke wa mboga, ambaye hata jina langu halijui, akalitua kapu katikati ya barabara na kuja mbio akiwa ameshika vazi lake. Wakamshika mbele, wakamshika pembeni. Kinyozi akasema, "Achia, mama, tunaye." Ilinichukua muda kuachia. Vidole vilikuwa vimesahau njia.

Wamemshusha hadi chini, wakamgeuza akaelekea barabara, wakamrekebishia kola. Mwanamke wa mboga akaniuliza, "Huwa mnamtoa saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi kesho nitapitia saa hiyo," akasema, akarudi kwenye kapu lake.

Nimekaa kwenye ngazi kando ya mteremko nikiandika. Herufi zimekaa upande. Yeye yuko pale mbele, anasalimiwa. Shuka ziko kambani na leo zitakauka.